Sura ya Tano: Maji ya Kachumbari

Nyanya mbivu ni maji kwa kiasi cha asilimia 94 au 95 ya uzito wake. Kitunguu kinakaribia asilimia 89, na tango limejaa maji kuliko vyote viwili. Kwa hiyo anayekaa jikoni kukata kachumbari, hata kama hajui, kazi yake kubwa ni kuamua maji hayo yaende wapi: yabaki ndani ya tunda, yamwagike bakulini, au yakamuliwe yatoke kabisa. Kisu, chumvi, ndimu na dakika za kusubiri vyote vinafanya kazi juu ya maji. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kununua nyanya za fungu moja na vitunguu vya kapu moja, mmoja akaleta mezani kachumbari inayong'aa na kuuamsha ulimi, mwingine akaleta supu baridi yenye vipande vinavyoelea.

Katika nyumba nyingi kachumbari ni kazi ya mwisho. Anapewa aliyechelewa kuingia jikoni, au mtoto anayejifunza kushika kisu. Pilau ina mwenyewe, nyama ina mwenyewe, kachumbari haina. Mimi naiona hiyo kuwa dhuluma. Pilau iliyokolea viungo na mafuta humkinaisha mlaji baada ya matonge machache kama pembeni hakuna kitu kibichi, kikali na chenye uchachu wa kumrudishia hamu. Mpishi aliyeshinda na sufuria tangu asubuhi anastahili msaidizi bora kuliko nyanya zilizokatwakatwa wageni wakiwa tayari wamenawa.

Tuanzie sokoni. Nyanya nyingi zinazouzwa magengeni Dar es Salaam, zile zinazoshushwa kwa matenga kutoka Ilula mkoani Iringa na kwingineko, zina umbo la yai, ngozi ngumu na nyama nene. Aina kama Tanya na Tengeru 97 zilipendwa na wakulima wa Tanzania kwa sababu zinavumilia safari ya lori na hukaa siku nyingi bila kulainika. Kenya, Cal-J ilishika nafasi hiyohiyo. Watu wazima husema nyanya za siku hizi hazina ladha, na kwa upande wa harufu sitabishana nao. Lakini kwa kachumbari nyanya hizi zina faida ambayo ile ya duara, laini, ya kupasuka ukiigusa, haina: ukizikata hazibomoki, na ute wake ni mchache. Nyanya laini na zilizopondeka, zile za bei ya kutupa ambazo wengine huziita masalo, ni za mchuzi. Hata ukiwa na kisu kikali namna gani, hazikatiki.

Kasoro ya nyanya ngumu ni kuchumwa mapema. Inatolewa shambani rangi ikiwa ndiyo kwanza inageuka, inaiva njiani, na inafika gengeni ikiwa nyekundu nje huku moyo wake ungali mweupe. Inunue siku mbili tatu kabla ya shughuli. Zitandaze juu ya meza bila kuzirundika, kikonyo kikiangalia chini, mahali penye hewa na pasipo jua. Ikiwa tayari, harufu utaisikia palepale pa kikonyo. Usiziweke kwenye friji. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walieleza kinachotokea huko ndani. Nyanya zilizokaa siku saba kwenye nyuzi joto 5 zilibaki na sukari na asidi yake takribani ileile, lakini baadhi ya jeni zinazoongoza utengenezaji wa harufu zilizimika, na kuzirudisha kwenye joto la chumba hakukuirudisha harufu yote. Kwa maneno mengine, ulimi unapata nyanya, pua haipati kitu.

Kosa jingine ni kuzitoa mbegu na ute na kuvitupa, jambo ambalo vitabu vya mapishi vya Ulaya vilihimiza kwa miaka mingi. Mwaka 2007 mpishi Mwingereza Heston Blumenthal na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Reading walipima na kukuta kwamba ute ule una glutameti nyingi kuliko nyama ya nyanya. Glutameti ndiyo inayoipa supu ya mifupa ule ukolezo unaomfanya mtu alambe vidole. Kwa hiyo maji ya nyanya yanaweza kuwa mengi mno bakulini na bado yakawa sehemu tamu kuliko zote. Mpishi mwenye akili huyapunguza, hayamwagi. Nitayarudia.

Nyanya wala pilipili hazikuzaliwa huku kwetu. Nyanya mwitu ni za Amerika ya Kusini, pande za Peru na Ekwado, na watu wa Mexico ndio walioifanya zao la kulimwa na kuliwa. Mtawa Mhispania Bernardino de Sahagún, aliyefika Mexico mwaka 1529, alitumia miongo kadhaa kukusanya habari za maisha ya Waazteki katika vitabu 12. Humo wamo wachuuzi wa sokoni wakiuza michuzi ya pilipili na nyanya na mbegu za maboga. Michuzi hiyo, yaani salsa, ilikuwa ikipimwa na kuuzwa huko wakati pwani yetu ndiyo kwanza inazoeana na meli za Wareno, ambazo Vasco da Gama alizifikisha Mombasa na Malindi mwaka 1498. Meli za Wareno ndizo zilizoyasambaza mazao ya Amerika katika Bahari ya Hindi: mahindi, muhogo, pilipili, na baadaye nyanya. Kachumbari yenyewe tuliipata kwa Wahindi, nao nyanya na pilipili zao walizipata kwa njia hiyohiyo.

Upande wa pili Wahispania walivusha kwenda Mexico vitunguu, ndimu na giligilani. Bakuli la salsa mbichi, lile ambalo Wamexico huliita pico de gallo, ni la nusu kwa nusu: nyanya na pilipili ni za wenyeji, vilivyobaki ni vya wageni. Liweke kando ya kachumbari ya Mombasa na utaona tofauti iko kwenye kisu zaidi kuliko kwenye kikapu. Mmexico hukata vipande vidogo vya mraba kwa sababu atavichota na kipande cha chapati ya mahindi au kuvimwaga juu ya nyama iliyokunjwa ndani ya chapati hiyo. Sisi hukata vipande vyembamba na vipana, vya kushikwa na vidole pamoja na tonge. Na kila kipande kinavyozidi kuwa kidogo ndivyo sehemu iliyopasuliwa inavyokuwa kubwa, na maji yanavyozidi kuvuja. Ukiamua kukata kwa mtindo wa Mexico, kata dakika za mwisho.

Ndugu wa karibu kabisa wa kachumbari yuko kusini mashariki mwa Mexico, rasi ya Yucatán. Wanaiita xni-pec: kitunguu chekundu, pilipili ya habanero, maji ya chungwa chungu na chumvi, pengine na nyanya. Habanero na pilipili mbuzi yetu ni za spishi moja. Chungwa chungu ni lile danzi ambalo watu wa pwani wanalijua. Kama kwenu bado upo mdanzi, huna haja ya kuagiza chochote kutoka popote. Loweka vitunguu vyembamba katika maji ya danzi kwa robo saa, tia pilipili mbuzi moja na chumvi, kisha kula na samaki wa kuchoma. Kachumbari za ndimu zinaanza kuonekana za kawaida baada ya hapo.

Kitunguu ndicho kinachoharibu bakuli nyingi. Kikali mno kinafunika kila kitu, na mlaji anaondoka nacho kinywani hadi jioni. Ukali huo haumo ndani ya kitunguu kizima. Unazaliwa pale kisu kinapopasua seli na vimeng'enya vikakutana na kemikali za salfa ambazo zilikuwa zimetengwa navyo. Kisu butu huponda seli nyingi kuliko kinavyokata, ndiyo maana hukuliza zaidi. Noa kisu kwanza. Kipasue kitunguu mara mbili kutoka kichwani hadi mizizini, kilaze ule upande bapa kwenye kibao, kisha kata vipande vyembamba kadiri unavyoweza.

Baada ya hapo fanya kile ambacho watu wa pwani wamekifanya siku zote. Nyunyiza chumvi kijiko cha chai juu ya vitunguu viwili na uvifikiche kwa mkono mpaka vilegee na kutoa povu. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya seli, na maji yanatoka na ukali. Visuuze kwa maji safi mara mbili, kisha vikamue kwa kiganja. Wapo wanaoviloweka tu katika maji ya baridi, na inasaidia kidogo, lakini kitunguu kilichofikichwa kinapata ulaini ambao kuloweka hakuuleti. Ukishakikamua, kimiminie ndimu mara moja na ukiache dakika kumi. Rangi ya zambarau ya kitunguu chekundu, cha Mang'ola au cha Ruaha Mbuyuni, hugeuka waridi ikikutana na asidi. Hiyo ni dalili nzuri kuliko saa ya ukutani: rangi ikishageuka mpaka katikati ya kipande, kitunguu kiko tayari.

Nyanya zinafuata, na hapa ndipo palipo na uamuzi mkubwa. Nusu kilo ya nyanya, ambazo ni kama sita za wastani, inahitaji chumvi gramu tano hivi, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Kata, nyunyiza, weka kwenye chujio juu ya bakuli, subiri dakika kumi na tano. Kitakachoshuka chini ni maji mekundu hafifu, yenye chumvi, yenye ule ute niliousifu. Onja. Sasa jiulize kachumbari hii inakwenda na nini.

Ikiwa ni ya pilau au biriani, maji hayo yasirudi yote. Wali uliochambuka hautaki kulowa. Rudisha vijiko viwili tu, vilivyochanganywa na ndimu. Ikiwa ni ya ugali na samaki mkavu wa kukaanga, rudisha yote, kwa sababu hapo kachumbari ndiyo mchuzi, na tonge lisilo na cha kuchovya ni adhabu. Nyama choma iko katikati, maana mafuta ya mbuzi yanataka uchachu mwingi na maji kidogo. Wauza mayai wa mitaani Nairobi, wale wanaolipasua yai la kuchemsha na kulijaza kachumbari, hawana nafasi ya kubahatisha hata tone moja. Yai halina kingo, na kachumbari yenye maji humtiririkia mteja mpaka kwenye kiwiko akiwa na nguo za ofisini. Mihogo ya kukaanga na chipsi vina sheria ileile ya yai. Maji yaliyobaki usiyamwage. Yatie kwenye maharage yanayochemka, au yanywe hapohapo na barafu na pilipili manga.

Kuna wanaotia karoti, kabichi, hata sukari na kijiko cha mayonezi. Kila mtu na nyumba yake. Kabichi naielewa, ni rahisi na inajaza bakuli wakati nyanya zimepanda bei. Sukari siielewi. Anayehitaji sukari kwenye kachumbari amenunua nyanya mbichi au amezidisha ndimu, na sukari haitibu hata kimoja. Embe bichi ni jambo jingine: msimu wake ukifika, embe lililokatwa vijiti vyembamba linaweza kuchukua nafasi ya nyanya kabisa, na kwa kuwa halimwagi maji ovyo linakaa mezani muda mrefu bila kuzama. Parachichi nalo ni jema, ila liingie mwisho kabisa, vipande vikubwa, likorogwe mara moja tu.

Pilipili mbuzi ina vitu viwili, harufu na moto, na wapishi wengi huupata moto wakaikosa harufu. Moto unatokana na kemikali iitwayo kapseisini. Haimo kwenye mbegu kama inavyosemwa. Inatengenezwa kwenye ile nyama nyeupe inayozishika mbegu. Kwenye kipimo alichokibuni Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912, pilipili za jamii ya habanero hufika kati ya 100,000 na 350,000, wakati jalapeño haizidi sana 8,000. Ukikwangua weupe huo kwa ncha ya kisu unabaki na ganda lenye harufu karibu ya tunda na moto unaovumilika. Kama mezani wapo watoto, kuna njia ya upole zaidi: ichome pilipili nzima kwa uma mara mbili tatu, itumbukize ndani ya ndimu yenye vitunguu, kisha itoe kabla ya kuchanganya.

Kapseisini haiyeyuki vizuri katika maji, huyeyuka katika mafuta. Anayekimbilia glasi ya maji anausambaza moto kinywani. Mtindi au maziwa ndiyo dawa. Kwa vidole vilivyoshika pilipili, vipake mafuta ya kupikia kwanza, halafu sabuni. Moto huo, kwa kweli, haupo. David Julius, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, ndiye aliyegundua kwamba kapseisini hugusa kipokezi kilekile cha mishipa ya fahamu kinachoarifu joto la kuunguza. Ubongo unaambiwa ulimi umeungua, nao unaamini. Kipokezi cha ndege hakidanganyiki hivyo, ndiyo maana ndege hula pilipili kichaa bila kujali.

Ndimu iminye dakika za mwisho, isipokuwa ile iliyokwisha ingia kwenye kitunguu. Giligilani, au dania ukiwa Nairobi, au kotmiri ukiwa Unguja, nayo ingoje; ikikaa muda mrefu ndani ya asidi inasawijika. Mabua yake usiyatupe. Yakate madogo sana, yana ladha kuliko majani.

Msomaji mwenye jiko la mkaa ana nafasi ambayo jiko la umeme haliitoi. Salsa nyingi za Mexico si mbichi. Nyanya, kitunguu na pilipili huchomwa kwanza juu ya bamba la moto hadi ngozi ishike weusi, kisha husagwa kwenye kinu cha jiwe chenye miguu mitatu kiitwacho molcajete. Weka nyanya nzima juu ya wavu, makaa yakiwa mekundu bila moshi, na uzigeuze. Ndani ya dakika kumi hivi zinalegea, sehemu ya maji inaondoka kama mvuke, na sukari iliyo karibu na ngozi inaungua kidogo. Chubua ngozi iliyo nyeusi sana, bakisha kidogo. Twanga kwenye kinu chetu cha kawaida: chumvi na pilipili kwanza, kitunguu baadaye, nyanya mwisho. Blenda inafanya kazi hiyo kwa sekunde, lakini inaingiza hewa, rangi inageuka ya waridi, na mbegu zinazovunjika huleta uchungu. Kama ni lazima uitumie, bonyeza mara tatu na uache.

Limebaki jambo la usafi, na haliwezi kurukwa kwa sababu hapa hakuna moto wa kutuokoa. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilipochunguza milipuko ya magonjwa ya chakula iliyotokea mikahawani kati ya 1998 na 2008, na ambayo chakula chake kilijulikana, karibu mmoja katika kila 25 ulitokana na salsa au guacamole, ile rojo ya parachichi. Mwaka 2008 huko huko watu zaidi ya 1,400 waliugua salmonela. Nyanya ndizo zilizoshukiwa kwanza, watu wakaonywa wasizile, wakulima wakapata hasara. Baadaye lawama ikahamia kwenye pilipili, na vimelea vilevile vikapatikana katika pilipili na maji ya kumwagilia ya shamba moja la Tamaulipas, Mexico. Sisi tunaonunua mboga zinazomwagiliwa kwa mito ya mijini hatuna sababu ya kujiona salama.

Osha nyanya na pilipili kwa maji yanayotiririka zikiwa bado nzima, maana ukishakata, uchafu wa ngozi umeingia ndani. Giligilani ioshwe shina kwa shina. Maji ya kusuuzia vitunguu yawe yaleyale unayoyaamini kwa kunywa. Wengi huchemsha maji ya kunywa halafu wakasuuza vitunguu vya kachumbari kwa maji ya ndoo. Kibao kilichokatiwa kuku kisiguse nyanya. Ndimu inasaidia: utafiti wa Guinea-Bissau uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kuitia kwenye mchuzi wa wali kuliwakinga watu na kipindupindu. Inasaidia, haioshi. Na bakuli likishakaa mezani saa mbili katika joto la pwani, liondoke.

Kachumbari iliyobaki na kulala kwenye friji haitarudi kuwa kachumbari, hata ukiikamua na kuiongezea ndimu. Ipeleke kwenye kikaango. Pasha mafuta, imwage yote na maji yake, acha moto uwe mkali mpaka usikie mlio wa kuchemka ukigeuka kuwa wa kukaanga. Hapo ndipo uvunje mayai.